Mauaji mezani Westlands, na swali lililonisubiri Muthurwa

Jumamosi iliyopita nilienda kula chakula cha jioni Westlands, na kabla supu haijaisha mtu akafa. Usishtuke. Alikufa saa mbili na dakika kumi usiku, akafufuka saa nne unusu, akainama kupigiwa makofi, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa nje ya lango akibishana na mtu wa bodaboda kuhusu nauli.

Hiyo ndiyo starehe ninayotaka tuongee leo, wewe uliyezoea kwamba Jumamosi ni mpira wa Uingereza, nyama kidogo na kurudi nyumbani. Nina mazuri ya kusema, nina malalamiko, na kuna jambo moja ambalo halijanitoka kichwani tangu usiku huo.

Kama hujawahi kuona kitu kama hiki, inaenda hivi. Ni igizo la mauaji linalochezwa mkahawani huku watu wakila. Hakuna jukwaa. Hakuna pazia. Waigizaji wanaketi kati yenu, wanakula mnachokula, na kwa nusu saa ya kwanza hujui vizuri nani amelipa kuingia na nani analipwa kuwa hapo. Halafu mmoja anashika koo, anaanguka, meza inatikisika, na taa zinawaka. Kuanzia hapo wewe ndiye mpelelezi. Kila meza inapewa karatasi na kalamu, na bahasha yenye dalili: kipande cha barua, risiti, kifungo cha koti. Washukiwa wanazunguka meza hadi meza kati ya supu na kuku, kati ya kuku na keki, na unawauliza chochote. Mwisho kila meza inaandika jina la muuaji na sababu yake. Mkipata, mnapewa chupa ya mvinyo. Sisi hatukupata.

Tikiti ilikuwa shilingi 4,000, na kinywaji ni juu yako. Kabla hujafunga ukurasa huu kwa hasira, wacha nikwambie ukweli: sikulipa. Binamu yangu hufunga spika kwa sherehe, na tajiri wake alimpa tikiti mbili badala ya kumwongezea pesa. Mpenzi wake alikuwa zamu ya usiku, basi mimi nikavaa shati langu la mazishi na harusi, nikachukua nafasi yake. Kwa elfu nne, mtu anayejua kuitisha bei ya jioni pale soko la Muthurwa anavalisha nyumba nzima viatu. Hesabu hiyo niliipiga mara tatu nikila mkate wa kwanza.

Igizo lenyewe lilikuwa la kubuni, lakini kila Mkenya anayesoma angejua lilikotoka. Jumba la mlowezi kando ya ziwa Naivasha, mavazi ya miaka ya 1940, muziki wa santuri, pombe kutoka mchana. Marehemu ni mzungu tajiri mwenye shamba kubwa. Washukiwa ni watano: mke wake kijana, rafiki wa mke ambaye macho yake hayatulii, ndugu mlevi, daktari na wakili. Ukitaka kisa cha kweli kilicho nyuma ya haya yote, ni cha Lord Erroll. Tarehe 24 Januari 1941 alipatikana ndani ya gari lake, karibu na makutano ya barabara za Karen na Ngong, akiwa amepigwa risasi kichwani. Alikuwa na uhusiano na mke wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton akashtakiwa, kesi ikasikizwa Nairobi, na Julai mwaka huo huo akaachiliwa. Hakuna mwingine aliyewahi kuhukumiwa. Wazungu wameandika vitabu juu ya risasi hiyo na wakatengeneza filamu, na hadi leo ukienda Karen utakutana na mzee mwenye maoni yake kuhusu nani alifyatua.

Turudi mezani. Nilikuwa nimekaa na watu sita nisiowafahamu, wawili wao wakiwa wafanyakazi wa benki wanaosherehekea miaka mitatu ya ndoa. Mwanzoni sote tulikuwa kama wanafunzi siku ya kwanza. Mke wa marehemu alipofika, mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa wapi saa mbili?" na akajibiwa, na tukanyamaza, tukaangalia sahani. Lakini kitu hufanyika. Meza jirani wakaanza kuuliza kwa sauti. Mtu akamshika wakili uongo. Kufika wakati wa kuku, yule bwana wa benki, mpole kabisa, alikuwa amesimama akimwelekezea daktari uma na kumwambia arudie tena, polepole, alichosema kuhusu ile chupa ya dawa. Mke wake alimwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. Nadhani hapo ndipo niliponunuliwa.

Sasa nikueleze kuhusu mpishi.

Kulikuwa na mwigizaji wa sita. Mzee wa miaka kama hamsini na kitu, kanzu nyeupe, kofia nyekundu, mikono nyuma. Ndiye aliyeleta supu. Ndiye aliyesema "Ndiyo bwana" na "Hapana memsahib" na kurudi jikoni. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yetu. Washukiwa walikuwa watano, na katika chumba kizima cha watu karibu sitini, wengi wao weusi kama mimi, hakuna aliyemwuliza chochote. Tuliambiwa sumu huenda ilikuwa kwenye supu. Supu aliipika yeye. Tukaendelea kumhoji wakili.

Mimi nimelelewa kwenye zile nyumba za reli za Muthurwa. Kule, ukitaka kujua nani ameiba mtungi wa gesi, huendi kwa mwenye ploti. Unaenda kwa anayefagia, kwa anayeosha vyombo, kwa mtoto aliyetumwa kununua maziwa. Kwa hivyo mzee alipopita na kikapu cha mkate nikasema, "Samahani mzee wangu, hii supu ilitoka jikoni ikiwa mikononi mwa nani?"

Mama mmoja kwenye meza yetu akanigusa mkono, akaninong'oneza kwamba huyo si mshukiwa. Alikuwa sahihi, karatasi ilisema hivyo. Lakini mzee alisimama. Aliweka kikapu chini. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasema, "Kijana, miaka kumi na minane niko kwa nyumba hii, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kitu ambacho si chumvi."

Chumba kilinyamaza, halafu watu wakapiga makofi kiasi kwamba weita wa kweli walitoka jikoni kuangalia. Na mzee akaongea. Dakika tano hivi, kwa Kiswahili kitamu, akitueleza ni mlango gani uligongwa, nani aliingia kuomba kijiko na hakurudisha, nani alilia karibu na stoo. Yule wakili alikohoa divai. Nilimpata mzee nje baadaye akibadilisha viatu, akaniambia kwenye maandishi alikuwa na mistari mitatu tu. Yale mengine yote aliyatunga akiwa amesimama pale. Wamecheza igizo hilo mara kadhaa na hakuna aliyewahi kumsemesha. Akacheka, akasema sasa itabidi wamwongeze kwenye karatasi, na kama wana haki wamwongeze na mshahara.

Nani muuaji? Sitakwambia. Watarudia igizo hilo, na watu wale wanakula kwa kazi hiyo.

Huko Uingereza desturi hii wanaiheshimu sana. The Mousetrap ya Agatha Christie ilianza kuchezwa London mwaka 1952, mwaka ule ule ambao Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa hapa Nairobi, na bado inachezwa. Kila usiku watazamaji huombwa wasitoe siri nje. Lakini hiyo ni ya kukaa gizani na kunyamaza. Ninayoipenda zaidi, kwa kuisoma tu maana sijaiona, ni ya saluni. Mjerumani Paul Pörtner aliandika igizo mwaka 1963 ambapo mtu anauawa kwenye nyumba iliyo juu ya saluni ya nywele. Wamarekani wakalichukua, wakaliita Shear Madness, likaanza Boston mwaka 1980 na likachezwa huko miaka 40. Watazamaji wanauliza maswali, wanawakosoa waigizaji wakidanganya kuhusu walichofanya dakika kumi zilizopita, halafu wanapiga kura ni nani muuaji, na mwisho unafuata kura. Kila mji unaweka utani wake. Maneno ya Boston hayatumiki Washington.

Saluni, jamani. Nani ana saluni na vinyozi kutushinda?

Ninajua utakachosema, kwa sababu nilikisema mimi mwenyewe nikipanda matatu: hayo ni mambo ya mababi. Mtu wa Eastlands anaenda kufanya nini kwa karamu ya mauaji? Lakini hebu fikiria vizuri ni nani alizoea kitu kama hiki kwanza. Wazazi wetu walikaa mbele ya runinga ya KBC wakitazama Vioja Mahakamani, wakimjibu mshtakiwa kwa sauti kama anawasikia. Kwa Kiswahili tuna mpelelezi wetu, Bwana Msa, mwenye kiko chake, ambaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta kitabuni mwaka 1960 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kama shuleni ulikariri tu majina ya wahusika wake ili upite mtihani, rudi umsome bila mtihani. Ni jamaa wa kuuliza maswali madogo ya kijinga mpaka mtu anajifunga mwenyewe.

Na kuhusu watazamaji kuingia ndani ya igizo, hapo Limuru tu, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijenga ukumbi wao wenyewe usio na paa na wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalikuwa wazi. Mtu aliyefanya kazi kiwandani anasimama na kusema, hapana, hivyo sivyo tajiri huongea, na maandishi yanabadilishwa. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kwa hivyo usiniambie kwamba mtazamaji anayeongea ni kitu kilichoshuka na ndege Westlands.

Basi tupige hesabu. Igizo la namna hii halihitaji taa za maana wala jukwaa. Linahitaji waigizaji sita, hadithi inayoshikana, meza, viti na chakula. Meza na viti vinakodishwa pale pale wanapokodisha vya matanga. Kumbi tunazo: Kaloleni, Jericho, Pumwani. Ni za kaunti, yaani ni zetu, na kwa wiki nzima unazikuta zimefungwa mpaka kuwe na harusi, ibada ama mchango wa mazishi. Weka watu 80, tikiti 300, na ndani yake sahani ya chapo madondo. Hiyo ni 24,000. Chakula kikila 8,000, umebaki na 16,000 za kugawana kati ya ukumbi na waigizaji. Hakuna atakayeomoka hapo, najua. Lakini kuna vikundi vya vijana mitaani ambavyo vimekuwa vikicheza maigizo ya kufundisha watu kunawa mikono na kutumia kondomu kwa soda na nauli tu. Waambie wacheze kitu kitamu kwa mara moja.

Hadithi ninayo tayari. Kinyozi, Jumamosi asubuhi, barabara ya Landhies inasikika nje, makanga wanaita. Juu ya duka anaishi keteka wa jengo, mwenye funguo za kila mlango na siri za kila mpangaji. Anapatikana amekufa. Washukiwa: kinyozi mwenyewe, msusi wa kiti cha pili, jamaa wa mkokoteni aliyeingia kuchaji simu, kanjo aliyekuja kuchukua chai na akakawia, na mteja aliyenyolewa nusu ambaye hawezi kutoroka kwa sababu kichwa chake kitamtambulisha hadi Githurai. Hiyo ya mwisho nimeipenda mpaka sitaki mtu aiibe. Na hakuna karatasi inayosema nani si mshukiwa.

Hapa ndipo nilipofika Jumapili asubuhi, nikiandika kwa furaha, nikawa nimesahau jambo. Nikamsomea jirani yangu, ambaye ananizidi umri kidogo na amezika wengi kunizidi. Alisikiza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Poa. Lakini wale wa Westlands wanalipa elfu nne kuona mtu akiuawa. Sisi hiyo tunaonaga bure."

Sikuwa na jibu. Na sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Kila mtu anayesoma hii kutoka mtaani anajua kijana aliyetoka jioni akarudi kwenye jeneza. Wengine walikuwa wezi, wengine walikuwa wamevaa kofia kama ya mwizi. Kuna mmoja wa kwetu, nitakuja kwake. Kifo kwetu hakina muziki wa santuri, na kama unataka kukifanya mchezo ndani ya ukumbi wa Kaloleni, ni lazima uwe umefikiria ni nani atakuwa amekaa meza ya nyuma.

Nilifikiria nikakumbuka nilivyorudi usiku ule. Matatu ilituacha Khoja, tukashuka na Moi Avenue kwa miguu, binamu yangu akiimba. Kando ya jengo la Nyaraka za Kitaifa tukapita sanamu ya Tom Mboya, na wale flamingo miguuni pake, na watu wawili wamelala kwa maboksi karibu. Nimepita hapo mara elfu moja. Usiku huo nikasimama. Mboya alikuwa mtu wa huku kwetu, aliishi Ziwani, alihutubia Kaloleni. Alipigwa risasi barabara hiyo hiyo, wakati huo ikiitwa Government Road, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, akitoka duka la dawa. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alishtakiwa na akahukumiwa kunyongwa mwaka huo huo, na inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliuliza kwa nini wanamuuliza yeye na hawamuulizi mkubwa. Mkubwa gani? Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado tunaulizana hivyo kwa matatu.

Ongeza J.M. Kariuki, Machi 1975, mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge likaunda kamati chini ya Elijah Mwangale, kamati ikaandika ripoti, hakuna aliyehukumiwa. Ongeza Robert Ouko, Februari 1990. Tume ya Jaji Gicheru ikaketi, mashahidi wakaanza kusema mambo, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza. Ukiangalia vizuri, hatujawahi kukosa wapelelezi. Alikuja hata mmoja wa Scotland Yard. Hatujawahi kukosa dalili pia. Tulichokosa ni ile sheria iliyosomwa mwanzo wa igizo, kabla ya supu, na ambayo wakati huo niliisikiza nusu nusu kwa sababu nilikuwa naangalia mkate: mshukiwa akiulizwa, lazima ajibu. Anaweza kudanganya. Anaweza kulia, kukasirika, kukuuliza wewe ni nani. Lakini hawezi kuondoka mezani. Hawezi kukwambia uchunguzi unaendelea, rudi wiki ijayo.

Nafikiri ndiyo maana yule bwana wa benki alisimama na uma. Haikuwa divai. Ilikuwa ni kuonja, kwa mara ya kwanza maishani mwake labda, jinsi inavyokuwa kumwuliza daktari ama wakili swali na yeye akakaa pale mpaka alijibu. Ukishaonja hiyo utaitaka Jumatatu ofisini. Utaitaka kwa chifu. Ndiyo maana naona mchezo huu una kazi zaidi Kaloleni kuliko Westlands, na si licha ya maneno ya jirani yangu, ni kwa sababu yake. Watu wanaoona mauaji bure ndio walio na maswali. Wamekosa tu mahali ambapo mtu amelazimishwa kusimama na kuyajibu, hata kama ni mwigizaji, hata kama ni kwa masaa mawili na chapo ikipoa.

Sharti langu ni moja kwa yeyote atakayelifanya: msicheke marehemu. Chekeni kinyozi, chekeni kanjo, chekeni yule wa nusu kichwa. Igizo la Westlands lilikosea hapo. Maiti alikuwa kitu cha kuruka ukienda msalani. Kwetu mtu akianguka, kuna mtu kwenye ukumbi atakayejua sauti hiyo.

Jumanne jioni nilienda sokoni kununua sukuma. Yule mama ninayenunua kwake ana kibanda upande wa stendi, na ndiye mwenye huyo kijana wa kwetu niliyesema. Miaka miwili sasa. Ana faili ya plastiki nyumbani yenye karatasi zote, na kila mwezi hufunga kibanda siku moja aende kuuliza, na kila mwezi anarudi na jibu lile lile. Sikuwa nimepanga kumwambia. Lakini aliniuliza, "Na wewe ulipotelea wapi Jumamosi, umevaa ni kama unaenda kuoa?" na nikajikuta nikimsimulia. Mzungu, mke, daktari, wakili, barua iliyochanika. Alikuwa akikata sukuma bila kuangalia kisu, mnajua vile wao hukata. Nilipofika kwa mpishi alisimamisha kisu.

"Na alijibu?"

"Alijibu, mathe. Kila kitu."

Alitikisa kichwa kidogo, akaendelea kukata. Kukawa na mteja, akampimia nyanya, akamrudishia chenji, nikadhani amesahau. Akanifungia sukuma yangu kwenye gazeti. Halafu akasema, "Lakini hamkuuliza vizuri."

"Hatukuuliza nini?"

"Bakuli la huyo mzee. La supu. Baada ya yeye kuanguka, ni nani aliliosha?"

Nilisimama pale na sukuma mkononi. Watu sitini, bahasha kumi, kalamu, elfu nne kila mmoja. Hakuna aliyeuliza. Nikamwambia sijui. Akasema niende nikamuulize yule mpishi wangu, na nikimpata nije nimwambie, yeye yuko hapo hadi saa tatu.